Milima Tusiyoiona Ndiyo Inayotunywesha



 

Ukisimama ukingoni hapa Nanighi ukaangalia pande zote, mlima huuoni. Unaona mikoma na mikindu, unaona miembe, halafu ni nyika tambarare mpaka macho yachoke. Hapa tulipo ni chini ya mita 150 kutoka usawa wa bahari. Basi mtu akituambia tuzungumze juu ya milima mirefu, tutamwuliza: Ndugu, milima inatuhusu nini sisi?

Hebu tuanze na jambo lililotokea. Kikundi kimoja cha akina mama kando ya mto walichanga pesa kidogo kidogo, wakaongeza mkopo, wakanunua pampu ya kuvuta maji. Wakaiweka chini karibu na maji, maana bomba lao lilikuwa fupi. Mahindi yakashika, migomba ikashika. Ilikuwa vuli ya mwaka 2023. Siku moja jioni waliangalia juu, anga safi, hakuna hata wingu. Wakaenda kulala. Asubuhi walikuta maji katikati ya mahindi, na pampu imefunikwa na tope. Mama mmoja alituambia hivi: "Sisi tuliangalia mbingu ya kwetu. Kumbe tungeangalia mbingu ya watu wengine."

Mkopo ule walilipa mpaka mwisho, na pampu hawakuwa nayo. Ndiyo sababu tunaandika makala hii. Mbingu ya watu wengine aliyoitaja mama yule iko juu ya Mlima Kenya na Nyandarua, na mtu wa Nanighi asiyeijua milima hiyo anakaa kando ya mto asioujua.

MTO WETU UNATOKA WAPI?

Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, karibu kilomita 1,000. Unaanzia katika milima ya Nyandarua, ile iliyoitwa Aberdare na Waingereza, na katika Mlima Kenya. Vijito vyake vya juu ni kama Chania, Thika, Gura, Sagana, Ragati na Thiba. Hivi vyote vinakusanyika, vinapita katika mabwawa ya umeme, halafu vinapokea mito mingine kutoka Meru na Tharaka. Baada ya hapo mto unaingia nchi kavu, unapita Garissa, unatufikia sisi, unaendelea Bura, Hola, Garsen, na mwisho unaingia bahari ya Hindi karibu na Kipini.

Angalieni jambo hili: ukishaingia nchi kavu, Tana hauongezwi na kijito chochote cha maji ya kudumu. Malaga yetu hujaa siku mvua inaponyesha, halafu hukauka. Kwa hiyo maji tunayochota hapa wakati wa kiangazi karibu yote yameteremka kutoka milimani. Kwa mwendo wa ndege ni karibu kilomita 300, lakini mto wenyewe unazunguka sana, kwa hiyo njia ya maji ni ndefu kupita hiyo.

MILIMA MIREFU YA NCHI ZETU

Tuitaje kwa utaratibu, maana watoto wetu wanaulizwa shuleni na sisi wazazi tunabaki tumenyamaza.

Mlima mrefu kupita yote Afrika ni Kilimanjaro, ulioko Tanzania. Kilele chake cha juu kiko Kibo, kinaitwa Uhuru, na kimo chake ni mita 5,895.

Wa pili ni Mlima Kenya. Vilele vyake vitatu vikubwa ni Batian, mita 5,199. Nelion, mita 5,188. Na Lenana, mita 4,985. Majina haya yanatokana na ya viongozi wa dini wa Wamasai wa zamani. Batian na Nelion ni mawe matupu, hupandwa kwa kamba na watu waliofundishwa. Lenana hupandwa kwa miguu. Ni hapo Lenana Mkenya Kisoi Munyao alipoisimamisha bendera ya taifa wakati wa uhuru, Desemba 1963.

Wa tatu ni Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilele chake cha juu kinaitwa Margherita, mita 5,109.

Baada ya hiyo mitatu kuna Mlima Meru karibu na Arusha, ambao unazidi mita 4,500, na Ras Dashen ulioko Ethiopia, mita 4,550. Kuna Karisimbi wa mpakani mwa Rwanda na Kongo, mita 4,507, na Elgon mpakani mwa Kenya na Uganda, mita 4,321. Nyandarua yetu inafika karibu mita 4,000 katika kilele cha Satima.

Mtu mwingine atasema: mbona hamkutaja Mawenzi? Kweli Mawenzi ina mita 5,149, yaani inazidi Ruwenzori. Lakini Mawenzi imekaa begani mwa Kilimanjaro. Ni kilele cha pili cha mlima ule ule, kama vile Nelion ilivyo kwa Batian. Hapo ndipo linapokuja swali zuri: tunajuaje kwamba huu ni mlima wenyewe, na huu ni bega tu la mwenzake?

KUPIMA MLIMA KWA MAFURIKO

Wanaopima milima wana vipimo viwili. Cha kwanza ni kimo kutoka usawa wa bahari. Cha pili ni kimo cha kujisimamia, yaani mlima umejitokeza kiasi gani peke yake bila kutegemea mwenzake. Hiki cha pili kinawapiga chenga watu wengi, lakini sisi watu wa mtoni tunaweza kukielewa haraka kuliko watu wa mjini, kwa sababu tumeona mafuriko.

Maji yakipanda, si mnajua, kijiji kilichokaa juu kidogo kinabaki kama kisiwa. Njia ya kwenda kijiji cha pili inazama. Sasa fikirini mafuriko makubwa yasiyowahi kuonekana, bahari inapanda na kuifunika nchi kavu. Inapanda mpaka hakuna njia kavu hata moja ya kutoka Mlima Kenya kwenda Kilimanjaro. Maji yangehitaji kufika kimo cha mita 1,374 hivi. Hapo Mlima Kenya ungekuwa kisiwa, na kilele chake kingesimama mita 3,825 juu ya maji. Hizo 3,825 ndizo kimo chake cha kujisimamia.

Tupime Ruwenzori vile vile. Maji yangefika mita 1,158 na mlima ungetengwa na wenzake warefu. Toa katika 5,109, unapata 3,951. Mmeona maajabu? Ruwenzori ni mfupi kuliko Mlima Kenya, lakini kwa kujisimamia unaushinda. Hata Ras Dashen ya Ethiopia inaushinda, kwa maana ina mita 3,997. Sababu ni kwamba Mlima Kenya umesimama juu ya nchi iliyoinuka tayari. Ni kama mtu aliyepanda juu ya kinu. Anaonekana mrefu, na kweli kichwa chake kiko juu, lakini ukimpima inabidi utoe kinu.

Kilimanjaro nao? Huo hauna mkubwa wake Afrika nzima. Ili utengwe na milima mirefu zaidi ya Asia, maji yangehitaji kupanda karibu mita 10 tu, pale Suez ambapo Afrika imeshikana na Asia. Kwa hiyo kimo chake cha kujisimamia ni mita 5,885, karibu mlima wote. Ni milima michache sana duniani inayoupita kwa kipimo hiki.

Na Mawenzi? Kati yake na Kibo kuna tambarare ya juu inayozidi mita 4,000. Mafuriko yetu yangekuwa yamefunika karibu Afrika yote, na bado Mawenzi ingekuwa imeshikana na Kibo. Ndiyo maana haihesabiwi kuwa mlima wake peke yake.

KWA NINI MVUA INATUPITA SISI?

Sasa tuje kwenye maji. Hapa kwetu mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 500. Kule Mlima Kenya, upande wa kusini mashariki, inaweza kupita milimita 2,000. Na upande huo ndio unaotazama bahari, ndio upande wetu. Upande wa kaskazini, kuelekea Isiolo, ni mkavu zaidi.

Wazee husema mawingu yanatupita kama abiria wa basi lisilosimama. Wana haki ya kusema hivyo. Upepo wa bahari ya Hindi, uwe wa kusi au wa kaskazi, hubeba unyevu na kupita juu ya nchi yetu tambarare. Hapa hakuna kitu cha kuuinua, kwa hiyo unaendelea na safari. Ukifika mlimani unakuta ukuta. Hauna njia ila kupanda. Na hewa ikipanda inapoa, karibu digrii 6 kwa kila mita 1,000. Hewa baridi haiwezi kushika unyevu mwingi, inauachilia, na hiyo ndiyo mvua. Angalieni sufuria ya ugali: mvuke ukigusa kifuniko unageuka matone. Mlima ndio kifuniko.

Kwa hesabu hiyo ya digrii 6, ikiwa hapa Nanighi mchana ni digrii 33, kule kilele cha Batian, mita 5,000 na zaidi juu yetu, ni karibu digrii 3, na usiku maji yanaganda. Ndiyo sababu kuna theluji karibu kabisa na ikweta.

Jambo hili la theluji liliwahi kuleta ubishi mkubwa Ulaya. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848. Mwenzake Ludwig Krapf, akiwa Kitui kwa Chifu Kivoi, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Waliandika kwamba wameona theluji. Wataalam wengine waliokaa London, ambao hawajakanyaga huku, wakakataa kata kata kwamba theluji haiwezi kuwa Afrika kwenye jua kali. Miaka mingi ikapita kabla ya ubishi kwisha. Na wakati wote huo Wakamba, Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wakiitazama theluji hiyo kila asubuhi.

JE, TUNAKUNYWA THELUJI?

Watu wengi, hata wengine waliosoma, wanadhani mto Tana ni barafu ya Mlima Kenya iliyoyeyuka. Sivyo. Barafu yote iliyobaki juu ya mlima huo haifiki hata nusu ya kilomita moja ya mraba. Ni kidogo mno kuweza kulisha mto kama huu. Tena inaendelea kwisha: barafu ya Lewis, ambayo ndiyo kubwa, imepoteza zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 1934. Shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, UNESCO, lilisema mwaka 2022 kwamba barafu za Afrika huenda zikawa zimekwisha kabisa ifikapo 2050.

Je, siku hiyo mto utakauka? La, si kwa sababu ya barafu. Mto unalishwa na mvua, na mvua inatunzwa na msitu. Barafu kuyeyuka ni kama homa. Homa inaonyesha kwamba mwili una ugonjwa, yaani dunia inapata joto. Lakini tangi letu la maji ni kitu kingine, nalo likitobolewa tutajuta mapema zaidi.

MSITU NDIO TANGI

Ukipanda Mlima Kenya kutoka chini, kwanza unapita mashamba ya chai, kahawa, migomba. Kama mita 2,000 hivi unaingia msitu mkubwa. Juu yake kuna mianzi, halafu miti yenye ndevu za kuvu, halafu majani marefu na mimea mikubwa ya ajabu inayostahimili baridi. Ukipita mita 4,500 ni mawe na changarawe. Msitu huo una karibu kilomita za mraba 2,000.

Mvua ikianguka msituni haigongi ardhi moja kwa moja. Inaanguka juu ya majani, inateleza taratibu kwenye matawi, inafika chini kwenye takataka za majani yaliyooza. Hizo zinanyonya kama godoro. Maji yanashuka kufuata mizizi, yanaingia ndani kabisa ya mlima, na baada ya wiki au miezi yanatoka chini kama chemchemi. Ndiyo sababu Tana una maji mwezi wa Februari, wakati hata mlimani mvua ni chache.

Mkitaka kuona wenyewe, fanyeni jaribio hili kikundini. Chukueni karai mbili za zamani zilizotoboka upande mmoja. Moja jazeni udongo mtupu. Nyingine wekeni udongo ule ule, lakini juu yake pandeni nyasi au funikeni majani makavu. Ziinamisheni kidogo, na chini ya kila moja wekeni bakuli. Mwagieni kila karai kopo moja la maji, kwa ndoo ya kumwagilia au kopo lililotobolewa. Karai ya udongo mtupu itatoa maji haraka, mengi, ya tope. Karai yenye majani itachelewa, na itatoa maji masafi kidogo kidogo. Ile ya kwanza ni mlima uliokatwa miti, ikatuletea mafuriko leo na ukame kesho. Ya pili ni mlima wenye msitu.

Tunasema haya kwa sababu tangi hili limewahi kutobolewa. Mwaka 1999 Shirika la Huduma za Wanyamapori lilipopima msitu wa Mlima Kenya kwa ndege, lilikuta uharibifu wa kusikitisha: miti ya asili imekatwa kwa wingi, matanuri ya makaa, hata mashamba ya bangi katikati ya msitu. Mwaka 2000 msitu ukawekwa chini ya ulinzi wa shirika hilo. Sheria ya misitu ya mwaka 2005 ikawapa wananchi wanaokaa pembeni nafasi ya kuunda vyama vya kusimamia msitu pamoja na serikali. Mambo yakatengemaa kiasi, ingawa mwaka 2012 moto mkubwa uliunguza sehemu za juu. Kazi haijakwisha.

SAFARI YA MAJI MPAKA NANIGHI

Njiani maji yetu yana wenyewe wengi. Nairobi wanachukua sehemu kubwa ya maji yao ya kunywa kutoka vijito vya Tana, kupitia mabwawa ya Sasumua na Ndakaini. Wakulima wa mpunga wa Mwea wanachukua kutoka Thiba na Nyamindi. Halafu kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo ghala kubwa, linaweza kuweka zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu.

Mabwawa yamebadilisha mto. Mafuriko madogo madogo ya kila msimu, yale yaliyowaletea wazee wetu tope jeusi la rutuba ukingoni, yamepungua. Tope jingi sasa linabaki ndani ya mabwawa. Lakini mwaka wa mvua nyingi mabwawa yanajaa, na yakijaa yanafurika, na maji yanakuja kwetu. Wazee wanakumbuka 1961. Wengi wetu tunakumbuka El Nino ya 1997 na 1998. Halafu 2018, mwisho wa 2023, na Aprili na Mei 2024.

Hapa kuna jambo ambalo tungependa kila kikundi kilishike. Watu wengi husikiliza redio kujua kama Masinga na Kiambere yamefurika, na kama hayajafurika wanalala usingizi. Lakini mito kama Mutonga na Kathita, inayotoka Mlima Kenya upande wa Meru, inaingia Tana chini ya Kiambere. Na Ura na Rojewero inayotoka milima ya Nyambene nayo ni hivyo hivyo. Hiyo haina bwawa kubwa la kuizuia. Mvua kubwa ikinyesha Meru, Chuka na Tharaka, mto unaweza kupanda hapa hata kama Masinga halijajaa. Kwa hiyo maswali ni mawili: mabwawa yana hali gani, na Meru inanyesha?

SASA SISI TUFANYE NINI?

Mtu wa Nanighi hawezi kwenda kulinda mti wa Chogoria. Lakini mambo haya yanawezekana.

1. Daftari la mto. Chagueni mahali salama ukingoni, mbali na mamba, msimike mti imara wenye alama kila sentimita 20. Kila asubuhi mtu mmoja aangalie na kuandika: tarehe, maji yako alama ya ngapi, rangi yake, safi au tope, redio imesema nini juu ya mvua ya Meru na ya Nyandarua, na juu ya mabwawa, na kama hapa kwetu kumenyesha. Vijana waliomaliza shule wanaweza kuifanya kazi hii vizuri sana. Baada ya misimu miwili mtajua wenyewe kwamba mvua ya Meru inachukua siku ngapi kufika kwenu. Hakuna mtaalam atakayewajulisha hilo vizuri kuliko daftari lenu.

2. Alama ya hatari. Kubalianeni mkutanoni kwamba maji yakifika alama fulani, pampu inahamishwa siku hiyo hiyo, bila kungoja mwenyekiti arudi safari. Mbuzi, mbegu na vitabu vya kikundi navyo viwe na mahali pa juu pa kupelekwa.

3. Kugawa shamba. Ukingo wa chini pandeni vitu vya muda mfupi, kama kunde, pojo na mboga. Migomba na miembe iwe juu zaidi. Shamba la kikundi lisiwe lote mahali pamoja.

4. Kulinda ukingo wetu. Si haki kuwalaumu watu wa mlimani huku sisi tunakata miti ya mtoni. Sheria inataka angalau mita 6 kutoka mtoni zisilimwe. Mizizi ile ndiyo inayoshika udongo. Kwa makaa na kuni tumieni mathenge, ambayo tunayo tele na inatusumbua. Msitu wa mto Tana una nyani wawili wadogo wasiopatikana mahali pengine popote duniani; ukiisha kwetu umekwisha kwote.

5. Kuingia katika vyama vya watumiaji maji. Sheria ya maji ya 2016 inawapa watumiaji wa mto nafasi ya kuungana na kusemea mto wao mbele ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji na serikali ya kaunti. Watu wa chini wasipokuwapo mkutanoni, maji yanagawanywa bila wao.

Na kuna mfano wa kutia moyo. Tangu 2015 kuna mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambapo kampuni na mashirika yanayotegemea mto yanachangia wakulima wa juu kuchimba matuta, kupanda nyasi na miti, na kuvuna maji ya mvua. Wamefahamu kwamba ni rahisi kumsaidia mkulima wa juu ashike udongo wake kuliko kuzoa tope bwawani. Hilo ndilo wazo tunalolitaka: mtu wa juu na mtu wa chini ni watu wa mto mmoja.

KWA KUMALIZIA

Wale akina mama tuliowataja mwanzoni hawakukata tamaa. Waliazima pampu kuukuu, wakasimika mti wenye alama, wakaanza daftari. Aprili 2024 redio ikasema Meru inanyesha usiku kucha. Daftari likaonyesha alama mbili zimezama kwa siku moja, na maji yamegeuka mekundu. Hapa kulikuwa na jua. Majirani wakawacheka walipowaona wamebeba pampu juani kuipeleka juu. Mahindi ya chini yalikwenda na maji, hilo hawakuweza kulizuia. Pampu ilibaki kavu, na maji yalipopungua wao ndio waliokuwa wa kwanza kupanda tena.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Mara ya mwisho mto ulipofurika, tulijua siku ngapi kabla? Nani alituambia?
2. Vifaa vyetu vya kikundi vimekaa wapi leo? Maji yakipanda usiku huu, tutaokoa nini na tutapoteza nini?
3. Ni nani hapa kijijini anayeweza kutunza daftari la mto kila siku, hata siku za msiba na sikukuu?
4. Tungepata nafasi ya kukutana na wakulima wa Meru au Nyeri, tungewaambia nini? Na wao wangetuuliza nini juu ya ukingo wetu?

Mkishaanza daftari, tuandikieni mmeona nini. Tutachapisha barua zenu ili vikundi vya Bura, Hola na Garsen, ambavyo maji yanavifikia baada yenu, navyo vifaidike. Kwao ninyi ndio watu wa juu.